Filamu ya Ma Leokadia na Taarifa Niliyoikosea

Siku mliyoniaga ofisini, mmoja wenu aliniuliza kwa nini katika vitu vyote vya kabatini nilichukua kitabu kimoja tu cha taarifa, tena chenye jalada lililochanika. Nilimjibu kwamba ni kumbukumbu, kisha nikaomba soda nyingine ili mazungumzo yaende kwingine. Sasa niko nyumbani, mke wangu amechoka kuniona nikihamisha kiti kutoka juani kwenda kivulini, na naona heri nimjibu yule kijana kwa maandishi. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza habari za gari la sinema, na za ukurasa mmoja katika kitabu hicho ambao kwa miaka mingi sikupenda mtu auone.

Nilianza kazi miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Nilikuwa nimefundisha kidogo katika shule ya misheni kwetu Muleba, nikasikia kwamba ofisi ya habari Bukoba inatafuta mtu wa kusema kwenye kipaza sauti wakati filamu zinapoonyeshwa vijijini. Filamu nyingi wakati ule zilikuwa hazina sauti, au zilikuwa na Kiingereza ambacho hakikumfaa mtu yeyote Karagwe. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na kitambaa cheupe na kueleza kinachotokea, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kihaya changu, ambacho Wanyambo wa Karagwe walikielewa huku wakinicheka matamshi.

Aliyenipokea ni dereva wa gari la sinema, Ta Laurenti, yaani Mzee Laurenti kwa heshima ya kwetu, Mkatoliki wa Bukoba mjini, mfupi, mwenye mikono iliyonuka petroli hata siku ya Jumapili. Yeye ndiye aliyeendesha, aliyewasha jenereta, aliyeunga filamu zilizokatika kwa wembe na gundi, na aliyejua ni kilima gani cha Karagwe hupandwa kwa gia ya kwanza tangu chini. Siku ya kwanza nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi koleo. Gari lilikuwa limezama topeni kabla hata hatujafika mto Kagera. Nilikuwa nimevaa suruali nyeupe, kwa kuwa nilidhani naenda kuwa mtu wa sinema.

Somo lake la kwanza alinipa jioni hiyohiyo. Nilisema sana kwenye kipaza sauti. Picha ilionyesha mtu anafungua mlango, nami nikasema, "Mtu huyu sasa anafungua mlango." Tulipokuwa tunakunja kitambaa Ta Laurenti akaniambia, "Mwalimu, watu wana macho. Wewe sema lile ambalo macho hayalioni." Kisha akaongeza la pili, ambalo nililielewa baada ya muda mrefu mno: "Na ukisimama pale mbele, kipe kitambaa mgongo. Filamu umeshaiona. Tazama watu."

Sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuandika taarifa. Baada ya kila onyesho nilijaza karatasi yenye maswali matatu: Je, walicheka? Je, walipiga makofi? Walisema nini? Chini palikuwa na mistari minne ya maoni ya mwandishi. Taarifa ilikwenda Bukoba kwa Bwana Mkubwa, Mzungu mrefu aliyesimamia filamu zote za jimbo, naye ndiye aliyeamua ipi izungushwe na ipi ifungiwe. Kwangu ilibaki nakala ya kaboni. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko mzuri humpa mtu kiburi. Nilijiona hakimu. Filamu iliyotengenezwa kwa miezi mingi niliimaliza kwa mistari minne, nikala chakula changu na kulala.

Hukumu zangu ni hizi, msome wenyewe. Kulikuwa na filamu ya mtu mmoja wa mjini tuliyemwita Bwana Haraka, ambaye kila akikimbia huanguka kwenye matope. Niliandika: "Filamu hii itapendwa na vizazi vyote." Nendeni leo Karagwe nzima mkaulize nani anamkumbuka Bwana Haraka. Hata mimi nimemkumbuka kwa sababu nina kitabu.

Sasa niwaeleze kuhusu Anselmi. Alikuwa kijana Mnyambo wa Kaisho, wa umri wangu au pungufu kidogo, mkimya, aliyeajiriwa kumbebea mpiga picha mkuu kigogo cha kamera, ile miguu mitatu ya mti ya kuisimamishia. Alibeba miaka mitatu huku akitazama. Mwishowe Bwana Mkubwa akampa mabaki ya filamu, vile vipande vifupi vinavyosalia mwishoni mwa rili, akamwambia ajaribu kutengeneza kitu chake. Kikifaa, atapewa kamera. Kisipofaa, arudi kwenye kigogo. Hayo yalikuwa maneno ya Bwana Mkubwa, na yeye hakuwa mtu wa kubadili maneno.

Anselmi alikwenda kwao akampiga picha mama yake. Basi, ndiyo filamu nzima. Jina lake lilikuwa "Kibanja", na hapa sina haja ya kumweleza mtu wa Kagera kwamba kibanja ni shamba lile la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ambamo mtu huzaliwa, hula na huzikwa. Filamu ilichukua dakika kumi na moja. Mama yake, Ma Leokadia, anaamka, anatandika nyasi mbichi sakafuni. Anaingia migombani na mundu, anakata majani makavu, anakagua mkungu mmoja kwa kuugusa kwa vidole kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Anachuma maharage. Anamenya ndizi. Mwishoni kabisa anachukua kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile tunazompa mgeni anapoingia, anakuja nacho mpaka karibu na kamera, na kunyoosha mkono. Hapo filamu inakwisha.

Kabla hajaondoka kwenda Mwanza kumbebea mpiga picha, Anselmi alinikuta nikipanga mikebe garini. Akasema, "Kaka, mtaanza kuionyesha kwetu Kaisho. Sitakuwapo. Nakuomba kitu kimoja, andika walivyosema. Usinipendelee."

"Nitaandika neno kwa neno," nikamwambia. Na nilitimiza ahadi hiyo, ole wangu.

Tulifika Kaisho msimu wa maharage. Tulifunga kitambaa kwenye uwanja wa shule na jua lilipozama watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Tulianza na Bwana Haraka, wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Kisha nikatangaza kwamba inayofuata imepigwa palepale Kaisho, na Ta Laurenti akaweka "Kibanja".

Kimya kiliingia. Nilisema maneno mawili matatu kwenye kipaza sauti, nikaona hakuna cha kueleza, nikanyamaza. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga makofi. Ma Leokadia alikuwa amekaa mbele na wanawake wenzake, amejifunika shuka mpaka mdomoni. Ile picha ya mwisho ilipofika, mkono ukanyooshwa na kikapu, mzee mmoja wa mstari wa mbele alikinga mikono yake yote miwili, kama mtu anavyopokea. Picha ikazimika, naye akairudisha mikono mapajani polepole na kumtazama jirani yake kuona kama amemwona.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Ila karatasi haikuwa na swali kuhusu mikono.

Nikazunguka na kalamu kuuliza. Mwanamume wa kwanza akasema, "Aa, hakuna kitu, mwalimu. Ni migomba yetu tu hii." Wa pili akasema, "Mmejisumbua bure kubeba mitambo kuja kupiga picha vibanda vyetu." Mwisho nikafika kwa Ma Leokadia mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, filamu ya Anselmi umeionaje?"

Akatazama chini, akakunja pembe ya shuka, akanijibu kwa "waitu", neno letu la heshima. "Hakuna kitu hapo, waitu. Ni vipicha tu vya mtoto."

Nakala ya kaboni ninayo hapa mezani. Inasema: Je, walicheka? Hapana. Je, walipiga makofi? Hapana. Walisema nini? Wamesema hakuna kitu, na mama aliyepigwa picha amesema vivyo hivyo. Maoni ya mwandishi: "Filamu haina kisa, haina funzo, haichekeshi. Wenyewe wameikataa. Haifai kuzungushwa."

Ta Laurenti aliniuliza nimeandika nini, nikamsomea. Alikuwa anafuta lenzi. Alifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akasema tu, "Una mwandiko mzuri, mwalimu." Nilishukuru.

Jibu la Bukoba lilitukuta Kayanga baada ya wiki tatu. Filamu irudishwe kwa basi la kwanza, nakala hiyo moja iliyopo itakatwa vipande ili wanafunzi wa ofisini wajifunzie kuunga. Na Anselmi aendelee na kigogo. Nilisikitika kidogo, sitawadanganya, lakini nilisikitika kama hakimu anavyosikitika, yaani bila kukosa usingizi. Nikampa Ta Laurenti ule mkebe aupeleke kwenye basi.

Kutoka hapo tulikwenda Kanoni. Tulipokuwa tunafunga kitambaa, wanawake watano walikuja kwenye gari wakiongozwa na Ma Paskazia, mjane mwenye nyumba ambayo tulizoea kulala kila tukipita. Akauliza kama leo tumekuja na ile ya mama wa Kaisho. Dada yake ameolewa Kaisho, amemletea habari. Wengine wawili walikuwa wametembea tangu Nyabiyonza, mtoto mgongoni, kwa ajili hiyo tu.

"Hatunayo," nikasema. "Ilionekana haifai."

"Nani aliyeona?"

"Watu wa Kaisho wenyewe. Walisema hakuna kitu."

Ma Paskazia alinitazama kama mtu anayetazama mzani wenye hitilafu. Akatukaribisha ndani tule kwanza, maana jua lilikuwa bado juu.

Kile chakula nakikumbuka mpaka leo. Zilikuwa ndizi zilizopikwa na maharage mabichi, laini, zimefunikwa kwa majani ya mgomba na kufunuliwa mbele yetu zikitoa mvuke. Nilikula nikavimbiwa. Nikasema, kama adabu inavyotaka, "Mama, umetulisha chakula kizuri sana."

"Hata, mwanangu," akajibu. "Hakuna kitu. Tumewapa vindizi tu, mtusamehe."

Ta Laurenti akaacha kutafuna. Akanyoosha mkono, akachukua kitabu changu cha taarifa pale kwenye mkeka, akakiweka mapajani mwangu.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Mwenye nyumba amesema chakula chake hakuna kitu. Umesikia kwa masikio yako. Andika hakifai."

Nikakifunga kile kitabu. Mimi ni Mhaya. Nimezaliwa kwenye kibanja. Mama yangu mzazi hajawahi hata siku moja kumwambia mgeni kwamba chakula chake ni kizuri, wala kwamba mwanawe ana akili. Aliwaambia watu kuwa mimi ni mzembe tu, Mungu anisaidie, na aliyasema hayo siku niliyopata cheti cha ualimu, mbele ya ukoo mzima, huku amemchinja mbuzi. Kitu chako hukisifii wewe mwenyewe. Anayesifia ni mgeni. Nami nilikwenda Kaisho na karatasi, nikawauliza watu waisifie migomba yao, na nikamuuliza mama, mbele za majirani, aisifie kazi ya mwanawe. Angejibu nini? Kama angesema ni nzuri, kesho yake asingepita njiani bila kuchekwa.

Nikakumbuka ile mikono ya mzee. Nikakumbuka kimya kile, ambacho mimi mwenyewe nilikisikia kanisani kila Ijumaa Kuu na sikuwahi kuandika kwamba waumini hawakupendezwa.

"Ta Laurenti," nikasema, "nimemwangusha Anselmi. Na filamu imeshakwenda kukatwa."

Alitafuna tonge lake mpaka mwisho. "Siku ile basi lilikuwa limejaa," akasema.

"Limejaa vipi? Mkebe mmoja?"

"Limejaa sana." Akamgeukia Ma Paskazia. "Mama, hebu mtu akatazame chini ya kiti changu. Kuna gunia la kahawa. Litikiseni polepole."

Jioni ile tulionyesha "Kibanja" pale Kanoni, kinyume cha amri. Mimi nilikipa kitambaa mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa hawa walikuwa wageni kwenye kibanja cha mtu mwingine, na wageni wana ruhusa. Walisema kila kitu. "Tazama anavyoshika mundu, huyo ni mwanamke." "Mkungu ule bado wiki moja." "Nyasi hizo amezifuata mbali." Kikapu kiliponyooshwa, mikono ilikingwa uwanja mzima, wakubwa kwa watoto, halafu kicheko kikalipuka, kisha wakataka irudiwe. Tuliirudia mara tatu, na mara ya nne jenereta ikagoma. Nilikuwa nalia, na niliwaambia ni moshi.

Usiku ule niliandika taarifa ya pili. Ofisi ilikuwa na kanuni, filamu moja, taarifa moja. Mwandishi aliyebadili maneno alihesabiwa kuwa hana macho, na mtu asiye na macho ana faida gani kwenye sinema? Niliogopa kufukuzwa. Mke wangu wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Hata hivyo niliandika kwamba taarifa ya Kaisho ilikuwa sahihi kwa maneno na uongo kwa maana, kwamba kosa halikuwa la filamu wala la watazamaji bali la aliyeuliza, na kwamba filamu haijarudishwa kwa sababu niliizuia mimi. Ta Laurenti alitaka niandike kuwa ni yeye. Nilimwambia hana mwandiko wa kutosha kwa kosa hilo.

Tulikaa mwezi mzima bila jibu. Kila basi lilipopita nilisimama barabarani. Mwishowe ilikuja karatasi yenye mistari miwili. Wa kwanza ulisema mwandishi atakatwa likizo yake ya mwaka kwa kuvunja amri. Wa pili ulisema "Kibanja" izungushwe, na Anselmi apewe kamera. Niliisoma mara mbili, nikaenda kumpa Ta Laurenti, naye akaisoma akiwa chini ya gari na kuirudisha ikiwa na alama za vidole vya grisi. Alama hizo bado zipo.

Miaka iliyofuata filamu ile ilizunguka mpaka matundu yake ya pembeni yakachanika. Kila kijiji kiliiomba kwa jina. Wenye harusi walitaka ionyeshwe, wachimbaji wa bati waliotoka mbali waliiangalia wakiwa wamevua kofia. Chema chajiuza, na kile kilijiuza licha ya mimi kukifungia mlango. Anselmi alitengeneza nyingine nyingi, nyinyi mmeziona. Aliporudi kutoka Mwanza alinisalimu kwa mkono, akaniuliza habari za nyumbani, na hakuwahi kulitaja lile neno. Ningependelea anitukane.

Jambo la mwisho ni la Kaisho. Tulirudi huko na "Kibanja" baada ya miaka miwili, wakati huu Anselmi yumo garini, amekaa kati yangu na Ta Laurenti, kimya kama kawaida. Ma Leokadia alikaa mbele na shuka lake. Kaisho walitazama kama walivyotazama mara ya kwanza, bila makofi, bila neno. Ila safari hii nilikuwa nawatazama wao, na niliona wanawake wawili wakiegemeana, na yule mzee wa mbele, amezeeka zaidi, akikinga mikono kabla hata kikapu hakijatokea.

Picha ilipozimika nilikwenda na kitabu changu. Anselmi alisimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Filamu umeionaje?"

Alimtazama mwanawe mara moja, haraka, akaangalia chini. "Hakuna kitu hapo, waitu. Ni vipicha tu." Kisha akatoa chini ya shuka kikapu kidogo, akanyoosha mkono. Nikaziweka kalamu na karatasi chini, nikapokea kahawa zile kwa mikono miwili.

Nilipokaa garini kujaza, nilifika kwenye swali la tatu, walisema nini, na hapo, kwa mwandiko wangu wote mzuri, niliandika: "Mama yake ameisifu kupita wote."